Hadi Kichwa cha Mto: Safari ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Huko Ulaya, majira ya baridi yanapokaza, wastaafu wa Ujerumani na Uholanzi huteremka na magari yenye vitanda na majiko hadi pwani za Uhispania, wakaota jua la Mediterania mpaka baridi ya kwao iishe. Sisi wa pwani hii hatuna haja ya kulitafuta jua. Kaskazi ikishaingia mwezi wa Desemba, mtu hulala na jasho na kuamka na jasho, na kila mwenye nafasi huiwaza baridi kama mwenye kiu awazavyo mtungi. Ndivyo ilivyozaliwa azma yetu ya kwenda Nyeri katika likizo ya shule, tukilala na kupika katika gari letu wenyewe, na kuuzunguka Mlima Kenya wote.

Lakini haikuwa baridi peke yake. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Bibi, ni mzaliwa wa Ozi, karibu na Kipini, pale Mto Tana unapokutana na bahari. Kaka yake angali huko, mkulima wa mpunga tangu ujana wake. Miaka hii maji ya chumvi yamepanda mtoni na kuingia mashambani. Mpunga umeungua, na miembe iliyopandwa na mababu imekauka ikiwa imesimama. Kila mzee wa Ozi ana sababu yake: huyu hulaumu mabwawa ya juu, yule mlango wa mto uliohama, mwingine bahari yenyewe. Tulipomwambia Bibi kwamba tunakwenda Nyeri, hakuuliza habari za baridi wala za wanyama. Alisema tu, "Nami nataka kuona huko yanakotoka maji, kama bado yapo."

Gari lilikuwa la shemeji yangu, Toyota Hiace ambayo siku za masomo huwapeleka watoto chuoni. Viti vya nyuma viling'olewa, fundi seremala akatengeneza kitanda cha mbao chenye nafasi chini ya kuwekea vyakula, nasi tukashona mapazia ya kikoi kwa kila dirisha. Naomba kina mama wanisikilize hapa, kwa kuwa ndilo jambo ninaloulizwa zaidi tangu turejee. Safari ya basi humpa mwanamke wetu tabu nyingi ndogo ndogo: pa kubadilishia nguo, pa kunyonyeshea, pa kusalia, nyama ya hotelini asiyojua imechinjwa na nani. Mapazia yakishushwa, gari ni chumba. Lina sitara, lina msala, lina jiko lako. Tulilala kwenye viwanja vya kambi na kwenye nyua za vituo vya petroli vyenye walinzi, wala hatukuendesha usiku hata mara moja.

Njia ya Mombasa hadi Nairobi, yapata kilomita 480, wengi mwaijua, sitaieleza. Nitataja tu kwamba watoto walishangaa kusikia Sultan Hamud umeitwa kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Kutoka Nairobi ni kilomita kama 150 hadi Nyeri, na ardhi hupanda polepole hata masikio yakaziba. Rangi ya udongo hugeuka nyekundu kama hina iliyoiva. Tulipofika Sagana, mume wangu aliegesha pembeni, akamwonyesha mama yake mto mwembamba wenye mawe, unaokwenda kwa kelele.

"Huu ndio Tana," alimwambia. "Huku juu unaitwa Sagana."

Bibi aliutazama sana. "Mdogo," alisema. Kisha, "Lakini una haraka."

Kutoka hapo mto hupitia mabwawa matano yanayotupa umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968. Ndipo mto ukashika nyika ya Garissa na Hola, hadi Kipini. Safari yake ni ya karibu kilomita 1,000, na sisi tulikuwa tunaifuata kinyumenyume.

Karatina tuliingia siku ya soko. Ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi ya Afrika Mashariki, na aliyezoea bei za Kongowea atadhani wauzaji wanafanya mzaha. Viazi, karoti, kabichi, maharage ya rangi zote, matunda damu. Tulinunua kupita haja, kisha tukagundua jambo ambalo wapishi wenzangu walijue mapema: kule juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage yanayoiva Mombasa kwa saa moja na nusu, Nyeri yatakutaka saa mbili na zaidi. Chukueni sufuria ya mvuke. Nazi pia chukueni za kwenu. Bibi alipika kwa tui samaki aina ya trauti, ambaye Waingereza walimleta katika mito ya huku. Samaki mwenyewe ni mzuri, ila hajazoeana na nazi.

Mji wa Nyeri umekaa katikati ya milima miwili: Mlima Kenya upande wa mawio na Nyandarua, au Aberdare, upande wa machweo. Mto Chania, utokao Nyandarua, hupita ukingoni mwa mji kwenda kuongezea maji ya Sagana. Wageni wa kizungu huja kutazama kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa maskauti, aliyefia hapa Januari 1941. Wenyeji watakutajia kwanza Dedan Kimathi, aliyekamatwa katika wilaya hii Oktoba 1956. Sisi tuliuliza Majengo. Karibu kila mji wa mlimani una mtaa wenye jina hilo, Nyeri, Nanyuki, Meru, na ukifika Majengo umefika msikitini, kwenye bucha la halali na kwenye Kiswahili. Si ajabu. Watu wa pwani walianza zamani kuupanda mlima huu. Mwaka 1887, Count Teleki kutoka Hungaria alipofika kwenye miteremko ya juu, mizigo yake ilikuwa mabegani mwa wapagazi wa pwani, na katika msafara alikuwamo Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe za ndovu wa Pangani. Vitabu vimehifadhi jina la Teleki. Hao waliobeba chakula na mahema, wengi wao hatuwajui hata kwa jina moja.

Jambo lililotugusa zaidi Nyeri liko Mathari, nje kidogo ya mji. Hapo pana kanisa la kumbukumbu la Waitaliano waliokufa Afrika Mashariki wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na ndani yake amezikwa Duke wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa majeshi yao, aliyefariki Nairobi mwaka 1942 akiwa mfungwa. Kando ya kanisa pana msikiti mdogo, uliojengwa kwa kuwakumbuka askari Waislamu waliokufa chini ya bendera hiyo ya Italia. Watu waliotolewa kwao kupigania dola isiyo yao wamepata pa kukumbukwa kwenye baridi ya Nyeri. Tuliwaombea dua. Binti yangu mdogo aliuliza kama mama zao walipata habari.

Sasa baridi yenyewe. Usiku nyuzi hushuka hadi kumi, na Nanyuki chini ya hapo. Tulivaa buibui juu ya sweta, na leso mbili juu ya buibui. Maji ya kutawadhia ya alfajiri tuliyaweka katika chupa za chai tangu usiku, maana ya bombani hukata vidole. Watoto walifurahi kutoa moshi mdomoni bila moto. Baada ya sala tulitoka nje, na hiyo ndiyo saa ya kuuona mlima. Ifikapo saa nne asubuhi mawingu huwa yamekwisha kuufunika. Ulikuwa mweusi, wenye meno, na kilele chake cha Batian kina mita 5,199. Wakikuyu huuita Kirinyaga. Krapf, aliyekuwa akiishi Rabai, aliuona kutoka Ukambani mwaka 1849, na inasemekana jina Kenya limetokana na namna Wakamba walivyoutamka.

Bibi alitafuta theluji. Ilikuwapo, mabaka machache tu karibu na vilele. "Ndiyo hiyo tu?" aliuliza, na uso wake ulibadilika. Ni kweli kwamba barafu ya mlima huu, ile ya Lewis hasa, imenyauka vibaya tangu ilipoanza kupimwa, na wataalamu wanahofia itakwisha kabla ya karne hii kufika nusu. Lakini mzee mmoja tuliyekutana naye msikitini Majengo, ambaye amezaliwa na kuzeekea Nyeri, alimtuliza vizuri kuliko sisi.

"Mama, mto haunywi barafu peke yake. Mto hunywa msitu. Mvua na ukungu vikishikwa na miti, maji hutoka mwaka mzima. Miti ikikatwa, maji yote huja siku moja, kisha hakuna."

Bibi alijua maana ya maji kuja siku moja. Aliyaona mafuriko ya El Nino ya 1997, na ya mwisho wa 2023 yaliwakuta ndugu zake tena. Na huyu mzee hakuwa akisema neno geni Nyeri. Wangari Maathai alizaliwa hapa, kijiji cha Ihithe, mwaka 1940. Vuguvugu lake la Ukanda wa Kijani, lililoanza 1977, lilikuwa hasa la kina mama wa mashambani wenye miche mikononi, na mwaka 2004 likampatia Tuzo ya Nobeli ya Amani. Nilipokuwa shule nilifundishwa kwamba alipanda miti. Sikufundishwa kwamba mti wa Nyeri una haki juu ya mpunga wa Ozi.

Nanyuki tulisimama kwenye ubao wa Ikweta, tukapiga picha kama watu wote. Mji huu ulikuwa na kambi ya wafungwa wa Kiitaliano, na watatu kati yao, akiwamo Felice Benuzzi, walitoroka mwaka 1943, si kwenda kwao bali kuupanda mlima, kisha wakarudi wenyewe kambini. Mwanangu wa miaka kumi na miwili ameisimulia hadithi hiyo kwa kila rafiki aliye naye. Maji ya upande huu hayaji kwetu. Huenda Ewaso Nyiro, kwa wafugaji wa kaskazini. Timau tulipita mashamba ya maua yaliyofunikwa, waridi zikingoja ndege ya Ulaya. Bibi aliuliza zinanyweshwa nini, akajibiwa, akanyamaza.

Meru tulilala usiku mmoja wa mvua. Kutoka hapo kwenda Chuka na Embu barabara ni nzuri kwa macho na mbaya kwa moyo. Daraja la Nithi tulilishuka kwa gia nzito, watoto wakiwa kimya. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia hapo, wakafa watu zaidi ya 30.

Baada ya Embu ardhi hulala, na ghafla unafika Mwea. Mashamba ya mpunga yalianzishwa hapa miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa Mau Mau, na hunyweshwa na mito ya Thiba na Nyamindi, wana wa mlima ule ule. Mavuno yalikuwa yakimalizika. Pishori ilikuwa imeanikwa kwenye maturubai kando ya njia, na harufu yake iliingia garini kabla hatujasimama. Bibi alishuka wa kwanza. Alichukua punje, akazitafuna, akainama kutazama mfereji uliojaa maji matamu, akachovya kidole na kukionja kama mtu anayehakiki dawa.

"Mwanangu," alimwambia mwanamke aliyekuwa akiuza, "maji haya huwatosha?"

"Huwa tunangoja zamu, shosho. Kila sehemu na siku yake. Tukikosa zamu, tunagombana."

"Na mkishamaliza, huenda wapi?"

"Yanarudi mtoni."

"Mto gani?"

"Thiba. Halafu Tana."

Bibi alitikisa kichwa mara kadhaa. Kisha akaagiza kilo tano za mchele, na kilo mbili za mpunga usiokobolewa, akakataa usichanganywe na mizigo mingine. Njia nzima hadi Mombasa aliuweka miguuni pake. Mume wangu alipomuuliza ni wa nini, alijibu ni wa mjomba wao, aujaribu nyuma ya nyumba, pale palipoinuka.