Chungulia Tumbo la Lori Kabla ya Kulipa

Ukiambiwa, mpenzi msomaji, kwamba Bedford zote ni ndugu, usifungue kibeti haraka. Ni ndugu kweli, lakini wa mama mbalimbali, na tofauti yenyewe iko chini kwenye ekseli ya mbele, mahali ambapo wengi wetu hatupendi kuinama.

Lori kama Bedford S ya mwaka 1950, au TJ iliyofuata 1958, halisukumwi na magurudumu ya mbele. Kazi yake ekseli ile ni kubeba mzigo na kukata kona tu. Ni chuma kimoja kilichofuliwa. Ukikikata utaona umbo la herufi I. Bedford RL ya jeshi la Uingereza ni jamaa wa karibu wa S, lakini magurudumu yake yote 4 husukuma, na mbele chini utaona difu limevimba kama chungu. Hizo hata mtoto atazitenga.

Taabu ni ekseli mbili zisizo na difu zikilazwa ubavu kwa ubavu. Shangazi yangu wa Kitale, mjane aliyeachiwa TJ ya kubebea mahindi, alikuwa karibu kutoa karo ya watoto wawili anunue ekseli kuukuu katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Muuzaji aliapa itaingia.

"Wewe umesoma, mwanangu, hebu angalia," shangazi akaniambia.

Mimi nilisomea kalamu, si vyuma. Nikamwita fundi mzee aliyekuwa akimtengenezea marehemu. Hakuuliza jina la gari. Alitoa futi, akapima kutoka kikalio cha springi hadi kingine, akahesabu bolti za gurudumu. Vikalio vilikaribiana kupita kiasi.

"Tutaipasha moto, tuinyoshe," muuzaji akasema.

Mzee akawaka. Chuma kilichofuliwa kikipashwa moto ovyo hupoteza nguvu zake, na lori lenyewe litashuka mteremko wa Timboroa likiwa limejaa magunia!

Shangazi alifunga pesa zake tena kwenye leso. Lori lingali juu ya mawe, naye anakodi la jirani kwa bei ya kuumiza.

Na kama wanunua lori zima, inua gurudumu la mbele kwa jeki, likamate juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Likitulia, kagua beringi. Likizidi kucheza, kingpini imelika. Dai bei ipunguzwe.