Shamba la Picha

Wenye fani huliita shamba: kompyuta kadhaa zinazogawana kazi ya kutoa picha za katuni. Kwa bibi yangu Kisarawe shamba ni mihogo na mikorosho, kwa hiyo nilipomweleza langu aliuliza tu, "Linavunwa lini?"

Nilikuwa naigeuza hadithi yake moja kuwa filamu ya dakika mbili. Sekunde moja hula picha 24, jumla 2,880. Picha moja dakika nne. Mashine moja ingekesha siku nane mfululizo. Na umeme wa siku nane bila kukatika hapa Kibaha mwishoni mwa 2023, jamani, nani aliuona? Macho ya bibi nayo hayasubiri.

Nikaazima kompyuta mbili za stesheneri ya rafiki, nikaweka Flamenco, programu ya bure ya watu wa Blender huko Amsterdam. Toleo la 3 lilitoka 2022. Meneja, niliyemweka kwenye laptop yenye betri, anagawa picha, wafanyakazi wanazitoa. Mfanyakazi akizimika, meneja humngoja kidogo, kisha kazi yake humpa mwingine. Ipo na ratiba ya kulala: mchana kompyuta zinachapa barua za wateja, usiku zinarudi kwangu.

Wengi husifia programu hizi kwa kasi. Mimi nampenda aliyejua kwamba mashine huondoka bila kuaga, kama vibarua wa msimu.

Usiku wa tano umeme ulikatika mara mbili. Asubuhi zilibaki picha 61 tu.