Ovaroli ya Baba na Nguo za Mtoto

Tulikusudia kuwaandikia juu ya uji wa mtoto anayeachishwa ziwa, lakini jambo lililotokea hapa Chukwani limetufanya tuuweke uji kando.

Sisi ni wawili, sote wauguzi, na Jumamosi hutembelea wagonjwa kwa niaba ya akina mama wa kanisa. Jumamosi moja tulikuwa tukirudi kwa miguu tuliposikia jirani akiita, "Sista! Njooni mnitazamie mwanangu!" Mtoto wa miaka miwili alikuwa amelegea mapajani mwa bibi yake. Mate yalimtoka mfululizo, jasho limemrowesha, misuli ya mashavu ikimchezacheza, na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Bibi alikwisha kushika kikombe cha maziwa.

Tukauliza amekula nini. Muhogo tu, kama wenzake. Ndipo mmoja wetu akaona beseni karibu na kisima, na ndani yake ovaroli ya baba imerowekwa pamoja na nguo za mtoto. Baba hunyunyizia dawa ya wadudu katika shamba la mboga la mtu. Mtoto alikuwa amekaa hapo akichezea maji na kunyonya mkono wa ovaroli.

Maziwa tuliyazuia. Hayaondoi sumu, na mtoto aliyelegea hupaliwa upesi. Wala hatukumtapisha. Tulimvua nguo zote, tukamwosha kwa sabuni na maji mengi, nywele, nyuma ya masikio, makwapani na kwenye kucha, kisha tukamlaza ubavu. Lakini hatuna budi kukiri kosa letu. Tulimfunga katika kanga iliyokuwa karibu bila kuitazama, nayo ilikuwa ile aliyojifunga mama alipokuwa akifua, imelowa maji ya beseni. Glavu nazo hatukuvaa. Gari la jirani lilitufikisha Mnazi Mmoja, na muuguzi aliyetupokea, binti mdogo kwetu, ndiye aliyeuliza, "Na hii kanga je?" Aliitoa, akamwosha mtoto upya. Tuliona haya, na ilitustahili.

Baba alikuja mbio na chupa ya dawa yenye karatasi yake, na hilo lilisaidia sana, kwa kuwa daktari alijua mara moja anapambana na nini. Mtoto alipewa atropini, ambayo hukausha mate na kufungua kifua. Siku ya nne alirudi nyumbani.

Kazi ya kunyunyizia dawa inaweza kufanywa vingine, na Unguja tumeona. Nyumba zetu zilipuliziwa DDT dhidi ya malaria kuanzia 1958 hadi 1968. Mwaka 2006 upuliziaji ulianza tena kwa dawa nyingine, na 2012 ikatumika bendiokabu, ambayo huweza kuvuruga neva kwa namna ile ile iliyomlegeza mtoto wa jirani yetu. Kwa hiyo kazi hiyo ina masharti. Mpuliziaji haendi nyumbani na nguo za kazi. Jioni husuuza bomba lake katika mapipa saba yaliyopangwa mstari, moja tupu na moja lenye maji, na maji ya kusuuzia hutumika kuchanganyia dawa kesho yake. Yanayobaki humwagwa kwenye shimo lililojazwa kokoto, makaa na unga wa mbao ili yazuie sumu. Huoga hapo hapo, na ovaroli hufuliwa hapo. Wanawake hupimwa mimba kwanza, na mjamzito au anayenyonyesha hapewi kazi ya kushika dawa. (Waisraeli walioagizwa katika Walawi 16 kufua nguo na kuoga kabla ya kurudi kwa watu wasingeona ajabu.)

Lile shimo limetufikirisha zaidi. Chukwani tumejenga juu ya jiwe la matumbawe, na maji hupenya humo kama kwenye chekecheo. Beseni lililomwagwa kando ya kisima halijaenda mbali. Mama ambaye mumewe hana pa kuogea kazini na atambue kwamba ovaroli hiyo haina urafiki na nguo nyingine. Iwe na beseni lake, ifuliwe kwa glavu mbali na kisima na watoto, ianikwe juani peke yake. Na baba asimbebe mtoto kabla hajaoga, hata mtoto akililia kubebwa.

Tulipomweleza haya, baba yule alinyamaza sana. Kisha akasema, "Sista, kule shambani hakuna hata ndoo ya maji." Mkewe akamjibu kabla yetu: "Basi kaseme, mume wangu. Ukiogopa nitakwenda mimi." Alikwenda mwenyewe. Mwenye shamba ametoa pipa la maji na mche wa sabuni, lakini bafu bado anaahidi. Kwa sasa baba huoga nyuma ya migomba, ovaroli huachwa kwenye kibanda cha zana, na kila alasiri mkewe humpelekea shuka na fulana safi ndani ya kikapu.