Seremala na Mkimbiaji

Mwaka 2018 nilikwenda Melbourne, Australia, kwa masomo ya ualimu ya mwaka mmoja. Wengi niliokutana nao hawakuniuliza kama nilijua kufundisha, bali kama nilijua kukimbia. Nikajibu kwamba nakimbia kiasi. Basi vijana wa timu moja ndogo ya mtaani wakanivika jezi juma lile lile, kwani Mkenya, walisema, hawezi kukosa mbio.

Kandanda ya Waaustralia si kama hii yetu. Uwanja wake ni mithili ya yai, urefu wake wapata mita 160 hivi, na kila upande una watu 18. Wachezaji wa daraja la juu huweza kukimbia zaidi ya kilomita 12 katika mechi moja. Na pamoja na mbio zote hizo, mwenye mpira ana ruhusa ya kukamatwa na kubwagwa chini, mradi asishikwe juu ya mabega wala chini ya magoti. Ruhusa gani hiyo!

Kocha wetu alikuwa amevutiwa na Richmond, waliotwaa ubingwa mwaka 2017 kwa vijana wafupi wenye kasi. Akaona amepata dawa. Akamweka nje seremala mmoja, pande la mtu, na nafasi yake nikapewa mimi.

Kipindi cha kwanza tulitamba. Lakini mpira ulipoangukia katikati ya kundi la watu, mbio zangu zilikuwa bure. Wewe msomaji, jaribu kumkimbia mtu aliyekwisha kukushika kiuno! Mara tatu nilinyang'anywa, na mara ya tatu nililala chini nikitafuta pumzi. Tulishindwa vibaya. Aliyeniletea barafu ya kuweka ubavuni alikuwa seremala yule yule, wala hakusema neno. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Kocha alisahau kwamba katika Richmond ile ile alikuwamo Dustin Martin, aliyepewa nishani ya Brownlow mwaka ule ule wa 2017. Huyo alikuwa na mbio, ndiyo, lakini aliyemsogelea kumkamata alisukumwa kwa kiganja, naye akaenda zake.

Juma la pili wazito walirudishwa wote, wepesi tukakaa nje. Mpira waliupata sana. Wa kuupeleka mbele hakuwapo, na kufika kipindi cha nne walikuwa wakitembea.

Juma la tatu, hatimaye, tuliingia sote wawili. Mpira ukaanguka, watu wakarundikana juu yake kama nyuki. Seremala akainama, akaubeba na watu wawili mgongoni, akanirushia kwa ngumi kama sheria itakavyo. Nikatoka mbio. Nilipoudundisha mara ya kwanza nilimsikia nyuma, akihema, "Nenda, mwalimu! Nenda!"