Watazamao Kabla ya Kuitikia

Sisi jamaa wa Pwani tulioweka makazi Waithaka tuna majirani katika msitu wa Ngong Road: tumbili. Wenzao wa Amboseli walichunguzwa na Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, ambao mwaka 1980 walieleza kuwa tumbili ana mlio wa chui, wa tai na wa nyoka. Wakisikia wa chui hukimbilia mitini. Wa tai, hutazama juu. Wa nyoka, hukagua nyasi.

Mtoto wa tumbili hukosea, akalilia ndege asiye na madhara kana kwamba ni tai. Wakubwa hutazama kwanza. Akiwa tai kweli, ndipo nao hupaza mlio huo huo.

Mtaani kwetu ulienea ujumbe wa simu kuwa mwanamke fulani anaiba watoto. Kumbe ni yaya, amekuja kumchukua mtoto wa tajiri wake chuoni. Mawe yalikwisha kuokotwa mama mmoja alipomtambua, akasimama mbele yake.

Kina mama wenzetu, ujumbe ufikapo mikononi mwetu, nasi tutazame kwanza. Watoto wetu hujifunza kwa kutuangalia.