Jirani wa Vasaparken

Astrid Lindgren aliishi Dalagatan namba 46, mjini Stockholm, dirisha likitazama bustani ya Vasaparken, tangu mwaka 1941 hadi alipofariki Januari 2002. Mimi nilikuwa Stockholm kuanzia 1975 hadi 1979, nikisomea malezi ya watoto wadogo kwa ufadhili wa serikali ya Sweden, na kituo nilichofanyia mazoezi hakikuwa mbali na bustani hiyo. Nilimwona mara chache akipita: bibi mwembamba, kofia kichwani, hatua za haraka. Sikuwahi kuzungumza naye. Ninachokumbuka hasa ni namna nchi yake ilivyomsikiliza. Kwangu mimi, mwalimu wa kutoka Tanga, lilikuwa jambo geni kabisa kwamba mtunzi wa hadithi za majoka na za msichana anayebeba farasi akinena, waziri analazimika kujibu.

Kitabu cha kwanza nilichopewa niwasomee watoto kilikuwa cha huyo mbeba farasi, Pippi Långstrump. Kiswidi changu kilikuwa cha kubabaisha, na wenzangu walisema kitabu hicho kitanifundisha mimi zaidi ya watoto. Walinieleza pia kilivyozaliwa. Mwaka 1941 binti wa Astrid, Karin, alikuwa kitandani na nimonia, akamwambia mama amsimulie habari za Pippi Långstrump, jina alilolibuni papo hapo. Mama akasimulia. Mwaka 1944 akateleza kwenye barafu, kifundo cha mguu kikateguka, na kwa kuwa hakuweza kutoka nje akaiandika hadithi ile kwa hati mkato, ufundi aliokuwa nao tangu siku zake za ukarani. Bonnier, jina kubwa kuliko yote katika uchapishaji wa Sweden, waliukataa mswada. Mwaka 1945 ukapata zawadi ya kwanza katika shindano la Rabén & Sjögren, na mwaka uliofuata mtunzi akaajiriwa hapo kama mhariri wa vitabu vya watoto, kazi aliyoifanya hadi 1970. Asubuhi aliandika vyake kitandani, mchana akahariri vya wenzake.

Sasa, katika kurasa za mwanzo tu Pippi, ambaye kutia chumvi ndiyo desturi yake, anajitetea kwa kusema kwamba huko Kongo watu wote hudanganya kutwa nzima. Baba yake, nahodha aliyepotea baharini, anasemekana kuwa mfalme wa watu weusi kisiwani, na neno lililotumika sitaliandika. Nilikuwa nimekaa kwenye zulia, watoto wamenizunguka. Sentensi ya Kongo nikairuka. Mvulana mmoja, aliyekwisha kusomewa kitabu hicho nyumbani hadi akakihifadhi, akanigusa mkono: nimeruka. Nikarudi, nikaisoma. Kisha nikawaambia kwamba nchi yangu inapakana na Kongo, ziwa tu ndilo linalotutenga, na kwamba wasema kweli kule wapo tele. Mvulana akatafakari, akauliza kama basi Pippi amedanganya. Nikamjibu ndiyo. Akaridhika kabisa, maana Pippi kudanganya alikuwa amekuzoea.

Mabishano juu ya kitabu kile yalikuja kuendelea kwa miongo, na sijasikia jibu lililonikata kiu kama la yule mtoto. Lakini neno la baba lilibaki likiniwasha, na nilifurahi toleo la 2015 lilipomfanya kuwa mfalme wa Bahari ya Kusini. Wako Wasweden waliolalamika kwamba kitabu kimechezewa. Hao hawakuwahi kukisoma kwa sauti mbele ya watoto ishirini wakiwa na ngozi yangu.

Machi 3, 1976, gazeti la Expressen lilitoa hadithi fupi ya Astrid ya watu wazima. Mwanamke aitwaye Pomperipossa, mtunzi wa vitabu vya watoto katika nchi ya Monismania, anagundua kwamba sehemu ya juu ya kipato chake inatozwa asilimia 102. Haukuwa utani. Aliyejiajiri mwenyewe alilipa kodi ya mapato, na juu yake akalipa michango ile ambayo mwajiri humlipia mfanyakazi, kwa hiyo kadiri vitabu vilivyouzwa ndivyo alivyozidi kudaiwa. Waziri wa Fedha, Gunnar Sträng, alimbeza bungeni: hadithi nzuri, lakini mama huyu mambo ya kodi hayajui. Astrid akajibu kwamba Sträng ndiye hodari wa kutunga hadithi na kuhesabu hajui, basi wabadilishane kazi. Hesabu za Astrid zilikuwa sahihi.

Katika bweni letu Watanzania tuligawanyika. Waziri Mkuu, Olof Palme, alikuwa rafiki wa Mwalimu Nyerere, na kumsema vibaya ilikuwa kama kutukana nyumbani. Ndugu mmoja aliyesomea uhandisi alishikilia kwamba Astrid ni bepari aliyevaa joho la bibi. Wengine tulimkumbusha kwamba bibi mwenyewe alikuwa mfuasi wa moyo wa chama hichohicho cha Palme, na aliendelea kuwa hivyo. Septemba chama kikashindwa uchaguzi baada ya miaka 44 madarakani. Wasweden wengi hadi leo wanasema aliyekiangusha ni Pomperipossa. Mimi nafikiri ubishi juu ya umeme wa nyuklia, uliombeba mpinzani wa Palme, Thorbjörn Fälldin, ulikuwa na uzito zaidi. Ila nyuklia haina hadithi ya kuchekesha.

Mwaka 1977 Margareta Strömstedt alitoa kitabu cha maisha ya Astrid, na hapo wengi wetu tukajua habari za ujana wake. Alizaliwa 1907 katika shamba la Näs, karibu na mji mdogo wa Vimmerby, akalelewa kwa furaha. Akiwa na miaka 18, mwanafunzi wa kazi katika gazeti la mji, akapata mimba ya mhariri wake, mwanamume mwenye mke na watoto. Alikataa kuolewa naye. Akaenda Stockholm, na Desemba 1926 akajifungua mtoto wa kiume Copenhagen, ambako mama hakulazimishwa kumtaja baba. Mtoto akabaki Denmark kwa mama mlezi karibu miaka mitatu, mama akipiga taipu Stockholm na kudunduliza nauli ya treni ya kumfuata. Wenzangu wa Kiswidi walilizungumza jambo hilo kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nimetoka katika nchi ambako msichana mwenye mimba alifukuzwa shule, na niliwajua wawili watatu kwa majina. Tangu hapo kila nilipofungua kitabu chake nikawaona watoto wapweke wanaongoja mtu: Mio, mtoto asiyependwa kwa walezi wake, anayemkuta baba yake akiwa mfalme wa nchi ya mbali, na Karl, wa kitabu cha ndugu wa Lionheart.

Hicho cha mwisho, cha mwaka 1973, ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Karl ana miaka kumi, mgonjwa, anajua atakufa. Kaka yake Jonatan anamwambia asiogope, atakwenda Nangijala, nchi ya mioto ya kambini na hadithi. Nyumba inashika moto. Jonatan anamweka mdogo wake mgongoni, anaruka dirishani, na anayekufa ni yule mzima. Wanakutana Nangijala, na huko nako wanamkuta dhalimu Tengil na joka lake Katla. Mwishoni Jonatan anapoozwa na moto wa joka, na safari hii mdogo ndiye anayembeba mkubwa na kuruka naye gizani, kuelekea nchi nyingine. Mtunzi alisema mbegu moja aliipata makaburini Vimmerby, kwenye msalaba wa ndugu wawili wadogo waliofariki 1860.

Wahakiki walimshambulia. Wapo waliosema anawafundisha watoto kujiua. Filamu ilipotoka 1977 wazazi wa kituoni kwetu walibishana tena, wengine wakatuomba tuwakomeshee watoto maswali ya kifo. Nilishangaa. Kwetu mtoto hukaa matangani pamoja na wakubwa, humwona bibi yake akitolewa nyumbani kwa jeneza, na anaambiwa. Watoto wa Stockholm walinisikiliza nikisoma kuruka kule kwa mwisho bila hata mmoja kulia, kisha wakataka kujua kama Nangijala kuna maandazi. Waliokuwa na hofu ni wakubwa.

Oktoba 1978 Astrid alikwenda Frankfurt kupokea Tuzo ya Amani ya wauza vitabu wa Ujerumani. Waandaaji walipoisoma hotuba yake mapema walimwomba apokee na kushukuru tu. Akajibu kwamba bila hotuba haji. Wakakubali. Alizungumza juu ya watoto wanaopigwa, na akasimulia habari za mama mmoja aliyemtuma mwanawe akatafute fimbo ya kuchapiwa. Mtoto alikawia, akarudi analia: fimbo hakuona, ila ameleta jiwe ambalo mama anaweza kumtupia.

Kamati ya serikali kuhusu haki za mtoto ilikuwa imeundwa tangu 1977, kwa hiyo si kweli kwamba hotuba ndiyo iliyozaa sheria, ingawa nimewasikia watu wakisema hivyo. Lakini Bunge lilipopiga kura mwaka 1979, 259 kwa 6, kila mtu alikuwa na lile jiwe kichwani. Sweden ikawa nchi ya kwanza duniani kumkataza hata mzazi kumpiga mtoto. Sheria ilianza Julai 1, na maelezo yake yakachapwa kwenye pakiti za maziwa, ili mtoto na mzazi wayasome wakinywa chai asubuhi.

Mwaka huohuo nikarudi nyumbani. Na mwaka huohuo, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, Tanzania ilitoa kanuni za viboko shuleni. Baadaye idadi ya viboko ilipunguzwa hadi vinne. Kenya wao waliviondoa shuleni 2001. Nilifundisha, kisha nikawafundisha walimu. Nangijala niliisimulia darasani kwa paukwa na pakawa, Katla akawa joka la mto Pangani, na hakuna aliyesinzia.

Hadithi ya jiwe niliisimulia kwenye semina ya walimu wakuu miaka ya themanini. Ukumbi ukanyamaza. Kisha mwalimu mkuu mmoja, mtu mzima niliyemwamkia shikamoo asubuhi hiyo, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, huyo mama darasa lake lilikuwa na watoto wangapi?"

Nikamjibu kwamba hakuwahi kufundisha. Alikuwa mtunzi wa hadithi.

"Nilijua," akasema, na ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka. Wakati wa chai alinifuata kuniuliza yule mama wa jiwe alifanya nini baadaye. Nikamwambia aliliweka rafuni jikoni, alione kila siku.