Biblia Ni Kioo, Si Kamera

Leo sina video, nina maneno tu, kwa hivyo mnivumilie.

Tangu Eldoret ipewe hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, naona kila mtu hapa mjini anataka kuonekana. Sina shida na hilo, kazi yangu mimi mwenyewe ni kamera. Lakini siku hizi hata kusoma Biblia tunakuonyesha watu. Ukifungua simu asubuhi unakutana na picha ya Biblia, kikombe cha chai, mstari umepakwa rangi ya njano, na chini yake hesabu: siku 200 bila kukosa. Hongera. Ila nina swali moja tu: hizo siku 200 zimekufanya mtu wa aina gani kwenu nyumbani? Mama akikutuma dukani saa moja usiku na umeshalala kwa kochi, unamjibu aje?

Maoni yangu ni haya. Kusoma Biblia kila siku kunaweza kukujenga, na kunaweza pia kukuvimbisha kichwa. Inategemea unamfikiria nani ukisoma.

Chukua ile hadithi ya Luka sura ya 18. Mfarisayo na mtoza ushuru wanaenda hekaluni kuomba. Mmoja anahesabu mazuri yake na kujilinganisha na mwenzake. Mwingine anasimama mbali, hata macho hainui, anaomba kuhurumiwa tu. Yesu anasema huyu wa pili ndiye aliyerudi nyumbani amekubaliwa na Mungu. Kinachonishtua ni kwamba yule Mfarisayo hakuwa mvivu. Alifunga mara mbili kwa wiki na alitoa zaka. Kwa nidhamu anatushinda wengi wetu. Lakini nidhamu yake ilikuwa imegeuka ngazi ya kuwaangalia wengine kutoka juu.

Kwa hivyo nina kanuni moja. Nikisoma mstari, na mtu wa kwanza kuja akilini ni mwingine, ati “hii ingemfaa fulani”, narudi mwanzo nasoma tena. Yakobo, kwenye sura yake ya kwanza, analifananisha neno na kioo. Na sijaona mtu akitazama kioo ili aone uso wa jirani.

Hii kanuni asili yake ni kogo wangu. Yeye husoma Biblia ya Kikalenjin, sura moja, polepole, midomo ikicheza. Nikiwa kwake nikimaliza kusoma yangu, hajawahi kuniuliza nimesoma sura ngapi. Huniuliza, “Na wewe, imekwambia ufanye nini leo?” Ukimjibu kwa maneno makubwa makubwa kuhusu imani, anangoja tu. Anataka jina la mtu na kitu utakachofanya.

Sasa wacha nikwambie siku ambayo swali lake lilinigharimu.

Mimi hurekodi video za harusi. Kuna bwana mmoja nilimrekodia yake, akalipa nusu, ikabaki elfu kumi na mbili. Nikampelekea kazi yote, akashukuru, halafu kimya. Simu haichukui. Meseji anasoma, hajibu. Hiyo pesa kwangu ilikuwa kodi ya nyumba hapa Langas, na keyateka alikuwa ashaanza kunisalimia kwa sauti ile ya mwisho wa mwezi. Marafiki zangu wote walikuwa na ushauri mmoja: mwanike! Weka jina, weka picha ya harusi, weka zile meseji. Nilikuwa na ushahidi wote, na nilikuwa na watu wa kutosha mtandaoni kumfanya ajute.

Wiki hiyo nilikuwa nasoma 1 Samweli kila asubuhi, na nikafika sura ya 24. Sauli anamwinda Daudi bila kosa. Anaingia kwenye pango bila kujua Daudi amejificha mlemle ndani. Watu wa Daudi wanamwambia hii ndiyo siku yako, Mungu amekupa. Daudi anakata pindo la vazi la Sauli tu, na hata hilo linamchoma moyo. Hapo ndipo wengi wetu huishia, tunasema funzo ni kusamehe na kunyamaza. Lakini soma mbele. Daudi anatoka pangoni, anamwita Sauli kwa heshima, anamwonyesha kile kipande cha nguo, na anamwambia waziwazi kwamba anamwonea. Hakulipiza, na hakumeza maneno.

Niliandika kwa daftari: “Leo: kwenda kwake, peke yangu.” Mathayo 18 pia inasema uanze hivyo, wewe na yeye tu. Basi nikaenda. Nilimsalimia, nikamwambia, “Bro, sijakuja kugombana. Nilifanya kazi yako vizuri, na nadai elfu kumi na mbili.” Alikaa kimya kwa muda. Halafu akaniambia alifutwa kazi wiki mbili baada ya harusi, mikopo ya sherehe bado inamkaba, na aliona aibu hata kuniandikia. Tukakubaliana elfu mbili kwa mwezi. Hadi leo amelipa elfu sita. Mwezi uliopita hakutuma kitu, nikampigia, akachukua simu.

Hakuna muujiza hapo. Kodi nililipa kwa kukopa, na hiyo iliuma. Lakini mke wake hajawahi kuona picha yake ya harusi ikizunguka mtandaoni na matusi chini yake. Hiyo ingefutika aje?

Na msinielewe vibaya, unyenyekevu si kujifanya zulia. Mtu akikupiga, au kiongozi akila pesa za umma, kusema si kiburi. Nabii Nathani alimkabili Daudi huyohuyo, mfalme, usoni, 2 Samweli 12. Jiulize tu: nasema ili jambo lirekebishwe, ama nasema ili nionekane nimeshinda?

Tabia ya aina hiyo haiji kwa siku moja, na sisi watu wa huku tunafaa kulijua hilo kuliko mtu yeyote. Eliud Kipchoge ana dhahabu mbili za marathoni za Olimpiki, Rio na Tokyo, na tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna alimaliza mbio kwa saa 1:59:40. Lakini kambini Kaptagat, zamu yake ya kusafisha choo ikifika, alisafisha kama wengine. Mimi nikisoma Yohana 13, Yesu akiwaosha wanafunzi miguu, pamoja na Yuda ambaye alijua atamsaliti, huwa nafikiria hicho choo.

Au mwangalie Brother Colm O'Connell, mtawa kutoka Ireland. Alikuja 1976 kufundisha jografia St. Patrick's Iten, bila kusomea ukocha. Akabaki. Miaka 36 baadaye, David Rudisha, kijana aliyemfundisha, akavunja rekodi ya dunia ya mita 800 London kwa 1:40.91. Hesabu asubuhi ngapi zilipita kabla ya hiyo dakika moja na sekunde arobaini ambayo dunia iliona.

Kama unataka kujaribu, mimi hufanya hivi:

1. Biblia ya karatasi kwanza, simu baadaye. Simu ina kelele hata ikiwa kimya.
2. Kifungu kimoja kifupi, mara mbili. Dakika kumi zinatosha.
3. Sentensi moja kwa daftari: leo nitafanya nini, na kwa nani. Lazima kuwe na jina.
4. Jioni naangalia kama nilifanya. Kama sikufanya, naiandika tena kesho.
5. Hilo daftari haliwekwi mtandaoni. Hata mimi, na mnanijua napenda kuposti.

Kwa hivyo wiki hii nawapa kazi. Siku saba, Luka 18 au 1 Samweli 24, chagua, na usiambie mtu unafanya. Usinitumie picha. Ukimaliza, muulize mtu mmoja unayeishi naye kama kuna kitu ameona kimebadilika. Akisema hapana, usibishane naye. Anza upya Jumatatu.

Mbarikiwe, na mvae sweta, baridi ya Eldoret haina huruma.